Jina la Pili Kwenye Kadi

Kila Ijumaa jioni, vyombo vya chakula vikishaoshwa, meza ya jikoni ya akina Drever iligeuka kuwa ofisi. Merran, mama yake Inga, alikunjua ramani na orodha ya wageni wa kesho yake. Bibi Tomima alitungua kitabu cha maji, kile chenye saa za bahari kujaa na kupwa, kutoka kwenye msumari ulio nyuma ya mlango. Inga alibandika birika jikoni, akakata mkate wa shayiri, kisha akaketi kwenye kiti chake, kile kilichopakana na dirisha, mahali ambapo mtu aliweza kuiona bahari ya Birsay bila kusimama.

Mama alikuwa kiongozi wa watalii. Kila Jumamosi ya kiangazi aliwachukua wageni wanane kwa basi dogo, akawatembeza kisiwani Orkney kutwa nzima: asubuhi sili, wale wanyama wa baharini wenye manyoya, na ndege wa pwani, kisha kijiji cha mawe cha watu wa kale, halafu kile kisiwa kidogo cha Birsay chenye magofu, na mwisho mawe marefu yaliyosimama duara. Ilikuwa safari ndefu, na yote ilitegemea jambo moja. Kisiwa kidogo kiliungana na nchi kavu kwa njia ya zege ambayo bahari iliifunika na kuifunua mara mbili kwa siku. Uliweza kuvuka kuanzia muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa hadi muda wa saa mbili baada yake. Nje ya hapo, huvuki.

Ndiyo maana kila Ijumaa iliandikwa kadi. Mmoja aliandika saa za safari, mwingine alizikagua, na wote wawili waliweka majina yao chini.

"Kadi yenye jina moja ni karatasi tu," Bibi Tomima alipenda kusema. "Hata kitako cha kikombe hakistahili kuwekwa juu yake."

Kwa miaka miwili Bibi ndiye aliyeandika, na Inga ndiye aliyekagua. Inga alijua kwamba macho ya Bibi yalikuwa yakififia, na kwamba yeye mwenyewe akitimiza miaka kumi na miwili mwaka huo, kalamu ingekuwa yake. Pamoja na kalamu ingekuja darubini ya marehemu Babu, ile yenye mkanda wa ngozi uliolainika shingoni mwa watu watatu kabla yake. Alikuwa ameisubiri darubini hiyo kama watoto wengine wanavyosubiri Krismasi.

Lakini mwezi wa Machi alikuja Ailsa.

Ailsa alikuwa binti wa mama mdogo wa Inga. Mama yake, muuguzi, alikuwa amepata kazi melini kwa miezi sita, naye Ailsa akaletwa kutoka Glasgow na sanduku moja na kitabu kinene cha ndege. Mwanzoni Inga alifurahi. Alimpa nusu ya kabati lake na kumwonyesha mahali sungura walipochimba mashimo. Kisha Mei ikafika, na safari zikaanza, na Ijumaa ya kwanza Mama akainua kalamu, akaivusha mbele ya uso wa Inga, akaiweka mkononi mwa Ailsa.

"Ailsa ana mwandiko mzuri," alisema. "Na mgeni naye apate cha kushika. Inga, mwanangu, wewe ndiye utakayemkagua."

Jumamosi iliyofuata, darubini ya Babu ilikuwa shingoni mwa Ailsa.

Tangu siku hiyo kijiba cha roho kilimkaa Inga. Hakikumwacha mezani wala shuleni. Wageni wakicheka utani wa Ailsa, Inga alihesabu vicheko. Mama akisema "wasichana wangu," Inga alisikiliza ni nani aliyetazamwa kwanza. Na darasani kulikuwa na Erlend, mtoto wa jirani, ambaye hakuwa na mambo mengi ya kufanya zaidi ya kuchokoza.

"Nasikia umefukuzwa kazi," alimwambia siku moja wakati wa chakula cha mchana. "Ati siku hizi unafungua tu geti."

"Nani kakwambia?"

"Nani hajui? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi mmempa jembe, shamba na trekta!"

Wenzao waliangua kicheko. Ailsa naye alicheka, maana hakuelewa kwamba yeye ndiye aliyekuwa ndani ya fumbo. Inga alikitazama kipande chake cha jibini badala ya kucheka na watu, akakisukuma pembeni bila kukila.

Ijumaa ya pili ya Juni, Bibi Tomima hakuwapo. Alikuwa amekwenda mjini Kirkwall kutibiwa macho na angelala huko. Mama alikuwa sebuleni kwenye simu, akibishana na mwenye hoteli juu ya wageni wawili walioongezeka. Kwa mara ya kwanza Ailsa alikaa peke yake mbele ya kitabu cha maji. Ijumaa zote zilizopita Bibi ndiye aliyemsomea saa, naye akaandika tu.

Kitabu kile kilikuwa na desturi yake. Kilichapishwa kwa kufuata saa za majira ya baridi. Kiangazi, nchi nzima inaposogeza saa mbele, kila namba ya kitabu huhitaji kuongezwa saa moja. Bibi hakupenda kufanya hesabu hiyo kila wiki. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi alichukua penseli, akaongeza saa moja kwenye kila siku, na kuandika jibu pembeni. Namba ya wino ilikuwa ya kitabu. Namba ya penseli ilikuwa ya Bibi, na ndiyo iliyofuatwa. Watu wote wa nyumba ile walijua, na kwa sababu walijua wote, hakuna aliyewahi kukumbuka kumwambia mtu mwingine.

Ailsa alipitisha kidole kwenye mstari wa Jumamosi. Wino ulisema maji yatakupwa kabisa saa tano asubuhi. Penseli ilisema saa sita mchana.

"Kiangazi, ongeza saa moja," alijisemea Ailsa, kama alivyomsikia Mama akiwaeleza wageni garini. Aliitazama namba ya penseli, akaiongeza saa moja, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: *Maji kupwa, saa saba mchana. Kuvuka, saa saba. Kurudi, kabla ya saa tisa.*

Inga alikuwa amesimama nyuma yake na birika mkononi. Aliliona kosa palepale, kama mtu anavyoliona doa jeusi kwenye shuka. Saa imeongezwa mara mbili. Kesho njia itafunikwa saa nane, si saa tisa.

"Hebu niangalizie," alisema Ailsa, akimsogezea kadi. "Wewe ndiye mwenyeji. Mimi namba hizi hunichanganya."

Neno lilimfika Inga kwenye ncha ya ulimi. Lingemchukua muda mfupi kulisema kuliko kumimina chai. Lakini nyuma ya neno hilo lilikuja wazo jingine, nalo lilikuwa tamu. Vipi kama hatasema sasa? Vipi kama atasema kesho, pale ufukweni, mbele ya wageni wote? *Mama, samahani, kadi hii ina kosa.* Mama angetazama kitabu, kisha angemtazama yeye. Darubini ingebadilisha shingo palepale.

Alichukua kalamu. Chini ya jina la Ailsa akaandika *Inga Drever*, herufi kwa herufi.

Mama alichungulia mlangoni, simu ingali sikioni. "Umekagua?"

"Nimekagua."

"Iko sawa?"

"Iko sawa, Mama."

Mama aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika na kurudi kwenye simu yake. Ailsa alimkumbatia Inga kwa mkono mmoja. "Asante, dada," alisema, na Inga akahisi chai imemchoma, ingawa alikuwa hajainywa.

Kulipokucha anga lilikuwa jeupe na upepo ulikuwa wa kawaida, yaani wa kutosha kumvua mtu kofia. Miongoni mwa wageni kulikuwa na mzee mrefu kutoka Uholanzi, Bwana Hoekstra, mwalimu mstaafu aliyetembea kwa mkongojo, pamoja na mkewe Bi. Geertje aliyempa peremende kila mtu aliyeketi karibu naye.

"Upepo huu huwa unapumzika lini?" aliuliza Bwana Hoekstra akishikilia kofia.

"Ulipumzika mara moja," alijibu Mama bila kucheka. "Ng'ombe wote waliokuwa wameuegemea wakaanguka."

Basi zima lilicheka, na safari ikaanza vizuri.

Ufukweni walikuta sili ishirini na mbili wamejilaza juu ya miamba kama magunia yenye macho. Mama aliwaeleza wageni wasisogee na wasiinue sauti. Ghafla Ailsa, aliyekuwa amepiga goti na darubini machoni, alinyoosha kidole. "Fisi maji! Pale, kwenye mwani! Ana mtoto!"

Watu wote waliinama kutazama. Mama mwenyewe alikuwa hajaona fisi maji, mnyama yule mwembamba anayewinda samaki, na mtoto wake tangu mwaka uliopita. "Macho gani hayo, Ailsa!" alinong'ona. Bi. Geertje alimpa Ailsa peremende tatu kwa mkupuo.

Ailsa alivua darubini, akamnyooshea Inga. "Shika, upesi, watazame kabla hawajazama."

"Nimewaona tangu nikiwa mchanga," alisema Inga, akageuza uso. Hakuwahi kuona mtoto wa fisi maji maishani mwake. Hata siku hiyo hakumwona.

Katika kijiji cha mawe, zamu ya maelezo ilikuwa ya Inga. Alisimama juu ya ukuta wa nyasi na kuwaonyesha wageni vitanda vya mawe, jiko la katikati na kabati la mawe lililoelekea mlango, vitu vilivyotengenezwa na watu walioishi pale miaka elfu tano iliyopita. Alieleza vizuri. Bwana Hoekstra hata alitoa kijitabu akaandika. Lakini mwenye wivu huona kile tu kinachomuumiza. Inga hakukiona kijitabu. Alichokiona ni Mama, aliyekuwa akimtazama Ailsa akimsaidia Bi. Geertje kushuka ngazi. *Ngoja tu,* alijiambia. *Ngoja tufike kwenye njia.*

Walifika saa saba kamili. Njia ya zege ilikuwa kavu, imelala katikati ya miamba yenye mwani kama mkanda uliotupwa. Wageni walishuka garini wakifunga zipu za makoti. Huu ndio uliokuwa wakati. Inga alipiga hatua mbili kuelekea kwa Mama, akafungua kinywa.

Mama alikuwa ameishika kadi. "Maji kupwa, saa saba," aliwasomea wageni. "Tumefika wakati wenyewe. Tuna saa mbili nzima, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbizana. Kadi hii imeandikwa na Ailsa na kukaguliwa na Inga. Majina mawili, mnaona? Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi nyumbani kwetu."

Aliiinua juu ili wote waone. Pale chini, kwa wino mweusi, palikuwa na jina la Inga Drever.

Kinywa cha Inga kilijifunga chenyewe. Katika mpango wake wote mtamu, jambo hilo hakuwa amelifikiria. Angesema kadi ina kosa, na swali la kwanza lingekuwa: mbona uliandika jina lako? Alikuwa amemchimbia mwenzake shimo, na sasa alitambua ni nani aliyesimama ndani yake.

Wageni walivuka. Inga alivuka nyuma yao. Pembeni mwa njia aliona kitu ambacho kila mtoto wa Birsay angekiona: mwani haukuwa umelegea tena kuelekea baharini. Ulikuwa umeanza kuinuka na kugeuka: maji yalikuwa yakijaa.

Kisiwani Mama aliwaonyesha magofu ya kanisa na misingi ya nyumba za wavuvi wa zamani waliokuja na mashua kutoka kaskazini. Kisha wakapanda mlima wa majani kuelekea mnara wa taa, maana upande wa pili, kwenye genge la kutisha la mwamba uliosimama wima juu ya bahari, ndiko walikokaa tami-nori, wale ndege wafupi wenye mdomo wa rangi tatu ambao wageni huja kutoka mbali kuwaona. Bwana Hoekstra alipanda polepole, hatua moja, mkongojo, hatua moja. Kutoka kwenye genge lile njia ya zege haikuonekana. Mlima wote ulikuwa katikati.

Saa saba na nusu. Inga alimsogelea Mama. "Mama, nadhani mvua inakuja. Turudi."

Mama alitazama anga. "Mvua gani, mwanangu? Kweupe hivi?"

Dakika tano zikapita. "Mama, kichwa kinaniuma."

"Kaa hapo upepo ukupulize. Utapona sasa hivi."

Tami-nori mmoja alitua karibu kabisa na miguu ya wageni, amebeba samaki wadogo wanane mdomoni kama masharubu ya fedha. Kamera zililia. Bi. Geertje alikuwa ameketi kwenye majani akimhimiza mumewe naye aketi, wapumzike kidogo, wana muda. *Wana muda.* Inga alitazama saa yake. Ilikuwa saa nane kasoro dakika ishirini. Kushuka mlima kwa mwendo wa Bwana Hoekstra kungechukua robo saa. Alimwona mzee yule akiinama kuketi, akiuweka mkongojo wake kando kwa utulivu wa mtu aliyeambiwa kwamba yuko salama. Aliambiwa na kadi. Kadi yenye jina la Inga.

"Mama!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, na ndege yule akaruka. "Kadi ina kosa! Maji yalikupwa saa sita, si saa saba! Bibi alikwisha kuongeza saa kwa penseli, Ailsa akaongeza tena. Njia inafunikwa saa nane. Niliona jana, nikanyamaza. Nilijua, Mama. Nilijua!"

Mama alimtazama kwa muda mfupi sana, lakini Inga aliukumbuka mtazamo ule kwa miezi mingi. Kisha Mama akageuka, akapiga makofi mara moja.

"Mabibi na mabwana, tunaondoka. Sasa. Mifuko mgongoni, hakuna kukimbia mteremkoni, hakuna kusimama. Ailsa, wewe na Bwana Hoekstra. Inga, mbele yangu."

Walipofika chini, bahari ilikuwa imeingia kutoka pande mbili, kama inavyofanya pale daima, na ndimi zake mbili zilikuwa zikikutana katikati ya njia. Zege lilionekana bado chini ya maji membamba, lakini kila wimbi lililopita liliacha maji mengi kidogo kuliko lililotangulia. Mama aliingia kwanza hadi katikati, akapima kwa mguu, akarudi.

"Yanafika kwenye vifundo. Shikaneni mikono. Inga, unaijua njia hii gizani. Tangulia."

Inga alitangulia. Maji yalikuwa baridi kiasi cha kuuma. Alikanyaga katikati ya zege, mahali pasipo na utelezi, akawaambia wageni kila hatua: hapa pana ufa, hapa pana mwani, egemea kushoto. Katikati maji yalifika chini kidogo ya magoti. Nyuma yake alisikia sauti ya Ailsa: "Kidogo tu, mzee, kidogo tu." Kisha akasikia mkongojo ukiteleza.

Aligeuka. Bwana Hoekstra alikuwa ameyumba, na Ailsa alikuwa amemzungushia mikono yote miwili, lakini uzito wa mtu mzima ulikuwa ukimshinda. Inga aliachia mkono wa mgeni aliyemfuata, ambaye alikwisha kufika penye kina kidogo, akarudi mbio majini na kujitia chini ya kwapa la pili la mzee. Mkongojo ulikuwa umekwenda na maji. Hawakuutazama. Walitembea watatu hivyo, bega kwa bega, mzee katikati na wasichana wawili badala ya fimbo, mpaka wakahisi mchanga chini ya viatu.

Walipogeuka kuangalia nyuma, hapakuwa na njia.

Bi. Geertje alikuwa akilia na kumfuta mumewe miguu kwa skafu yake. Bwana Hoekstra alivuta pumzi, akaitazama bahari kwa muda. "Kwetu Uholanzi," alisema hatimaye, "tunajenga kuta kuyazuia maji. Ninyi mnaandika kadi." Mgeni mmoja alicheka, kisha wote wakacheka, kicheko cha watu waliotetemeka.

Ailsa hakucheka. Alivua darubini shingoni, maji yakimtiririka kwenye mikono ya koti.

"Nilikuomba uniangalizie," alimwambia Inga kwa sauti ya chini. "Ungeniambia, ningefuta. Ningefuta palepale."

"Najua."

"Kwa nini basi?"

Inga aliyatazama mabuti yake. "Kwa sababu ya hiyo," alisema, akionyesha darubini. "Na kalamu. Na kila kitu. Nilikuonea wivu."

Ailsa alimtazama kama mtu aliyesikia habari za ajabu. "Wewe? Unionee wivu mimi? Kila Ijumaa nakaa pale mezani nikikuonea wivu wewe! Una mama anayechungulia mlangoni kukuuliza umekagua. Wangu namsikia kwenye simu Jumapili, na meli ikiwa mbali hata simu haishiki."

Inga alivua koti lake kavu la ndani, akamvika Ailsa.

Mama aliwapa wageni chai ya chupa, akawaomba radhi mmoja mmoja, na safari ikaendelea mpaka kwenye mawe ya duara, maana wageni wenyewe walikataa kurudi hotelini. Hakumsemesha Inga njia nzima. Bwana Hoekstra tu ndiye aliyemwita akae karibu naye. "Nimefundisha miaka thelathini na sita," alimwambia. "Watoto wengi hunyamaza kosa likiwa dogo. Wachache mno hupiga kelele likiwa kubwa. Usizoee kungoja likue."

Jioni ya Jumapili Bibi Tomima alirudi, jicho moja limefunikwa pamba. Alisimuliwa yote, akasikiliza bila kukatiza. Kisha Mama akaiweka ile kadi mezani. Ilikuwa imelowa, lakini majina mawili yalisomeka.

"Mimi nina makosa yangu," Mama alianza. "Niliona majina mawili nikaacha kuitazama bahari. Kiongozi hatakiwi kufanya hivyo, na nimewaandikia wageni wale kuwaambia. Tena kalamu ile nilimpa Ailsa bila kukueleza vizuri, Inga, nikijua jinsi ulivyoingoja. Ningekaa nawe kwanza. Lakini sasa nisikilize."

Inga alisikiliza, mikono imebanwa katikati ya magoti.

"Wivu humpata kila mtu. Sikulaumu kwa kuuhisi. Ungeniambia, 'Mama, roho inaniuma,' tungeongea na ungepungua. Ulichofanya ni kuuficha, halafu ukauacha ukuandikie jina. Wewe ulidhani unamwaibisha Ailsa. Wivu haujui kumchagulia mtu mmoja adhabu. Mzee wa watu, yule ambaye mkewe alitugawia peremende, ndiye aliyekaribia kuchukuliwa na maji. Jina lako chini ya kadi maana yake ni kwamba mtu anaweza kukaa kwenye majani akapumzika, kwa sababu wewe umetazama. Huo ndio uaminifu, mwanangu. Kusema kweli siyo tu kutosema uongo. Ni kutonyamaza mahali ambapo kunyamaza kwako kutamdhuru mwenzako."

"Na bado," Bibi aliongeza, jicho lake moja zima likimwangalia mjukuu wake, "ulipiga kelele zikiwa zimebaki dakika ishirini. Hilo nalo nimelisikia."

Inga hakuruhusiwa kupanda basi kwa Jumamosi tano. Alibaki nyumbani, akasafisha banda la kuku, na kwa fedha zake za siku ya kuzaliwa akanunua mkongojo mpya, akautuma Uholanzi pamoja na barua ya kurasa mbili. Kwenye jalada la kitabu cha maji aliandika kwa herufi kubwa: *Namba za penseli zimeshaongezwa. Usiongeze tena.* Ailsa alisimama nyuma yake akimsahihisha mwandiko, wakacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumamosi ya sita ilikuwa kesho. Meza ya jikoni ilikuwa ofisi, birika lilikuwa likichemka. Ailsa aliandika saa, akakausha wino kwa pumzi, akaisogeza kadi mbele ya Inga bila kusema neno.

Inga aliisoma. Akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye wino, kisha kwenye penseli, kisha kwenye kadi. Akarudia. Halafu akainuka, akavaa viatu, akatoka hadi kwenye ukuta wa bustani na kuitazama bahari yenyewe, jinsi mwani ulivyoegemea, mpaka mashavu yakawa mekundu kwa upepo.

Aliporudi, Mama alikuwa mlangoni.

"Umekagua?"

"Nimekagua, Mama. Mara mbili, na bahari nayo nimeikagua." Akaonyesha mstari wa mwisho wa kadi. "Kuna kosa moja. Ailsa ameandika kwamba tami-nori wamekwisha kuondoka kwenda baharini, msimu wao umeisha. Asubuhi hii niliwaona wawili bado wapo."

"Wapi?" Ailsa aliruka kitini, akavua darubini na kumtupia Inga mkanda wake shingoni. "Twende unionyeshe!"

"Sahihi kwanza," alisema Bibi Tomima.

Inga akachukua kalamu, akaandika jina lake chini ya jina la Ailsa, kisha wakatoka mbio wote wawili, mlango ukigongwa na upepo nyuma yao.